Nta ya mshumaa kwenye kapeti: huduma ya Sh 40,000 na karatasi la kaki la Sh 500

Tunaishi Ipagala, na aliyewahi kukaa Dodoma anaujua upepo wa Julai. Usiku ule umeme ulikatika, nikawasha mishumaa miwili: mweupe wa kawaida wa dukani, na mwekundu mnene uliobaki tangu Krismasi. Dirisha la sebuleni lilikuwa limerudishwa tu, halikufungwa. Pazia likapeperuka na kuiangusha yote miwili. Moto ulizimika papo hapo, namshukuru Mungu, ila nta ilitapakaa kwenye meza ya mninga, kwenye kitambaa cha kufuma alichonipa mama siku naolewa, na zaidi kwenye kapeti.

Nikawapigia simu vijana wanaosafisha makapeti na masofa majumbani. Nilishawahi kuwatumia, na kwa vumbi la hapa kazi yao ni nzuri. Walifika kwa wakati, wakiwa na heshima na mashine yao. Nikawaonyesha nta, mmoja akasema, "Hilo dogo, mama, linatoka." Wakamwaga maji ya moto yenye sabuni, wakasugua kwa brashi, wakanyonya kwa mashine. Nikalipa Sh 40,000. Likiwa bado bichi, kapeti lilipendeza kweli. Kesho yake lilipokauka, doa lililokuwa la ukubwa wa kisoda limekuwa la ukubwa wa sahani, kakamavu ukiligusa, na wiki haikuisha likawa jeusi. Nilipowapigia tena waliniambia nta si kazi yao. Hilo ndilo lililoniuma, maana niliuliza kabla hawajafungua hata ndoo.

Aliyenisaidia ni bibi wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifua vitambaa vya altare kanisani kwao. Nilikwenda kumwamkia, nikamweleza. Akasikitika kwanza, kisha akasema, "Nta haioshwi, mwanangu. Inanyonywa na karatasi."

Sasa naelewa kwa nini. Mishumaa mingi ya dukani ni ya parafini, nta inayotokana na mafuta ghafi, na haichanganyiki na maji hata kidogo. Haihitaji joto kubwa kuyeyuka. Maji ambayo hayajafika hata kuchemka yanaitosha. Kwa hiyo yale maji ya moto yaliiyeyusha, brashi ikaitandaza, ikaganda upya chini kwenye mashina ya nyuzi kabla mashine haijaifikia. Ikabaki pale ikikusanya vumbi.

Nilinunua karatasi la kaki, lile la kufungia madaftari ya watoto, Sh 500. Gazeti bibi alilikataa kwa sababu wino wake unahamia kwenye kitambaa. Kwanza nikaigandisha nta iliyokuwa bado juu juu kwa barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, nikaikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kisu usiguse, kinakata nyuzi. Kisha nikaweka kaki juu ya doa, upande usiong'aa ukiwa chini, nikapitisha pasi ya umeme kwenye moto mdogo kabisa, bila mvuke, sekunde tano hivi halafu nainua. Ilinichukua karibu saa nzima na nilifurahi kila dakika yake: unaona alama ya mafuta inajitokeza kwenye karatasi, unasogeza sehemu kavu, unapitisha tena, mpaka karatasi inatoka ilivyoingia. Makapeti mengi tunayonunua yametengenezwa kwa nyuzi za plastiki, na pasi ikikaa mahali pamoja nyuzi zinaungua na kushikana. Jaribu kwanza kwenye pembe iliyo chini ya kochi.

Kitambaa cha mama kilikuwa rahisi kuliko kapeti, kwa kuwa ni pamba: kaki chini, kaki juu, pasi ya moto zaidi, baadaye nikakifua kwa mkono. Meza sikuipiga pasi kabisa, joto linaweza kuiachia vanishi ukungu mweupe. Barafu ndani ya mfuko, kadi ya plastiki, kisha kitambaa kikavu laini nikisugua mpaka ikang'aa. Kwenye tailizi nta iliganda yenyewe na kubanduka kwa kadi. Baridi ya usiku wa Julai ilitosha. Vile vibanzi nilivitupa kwenye pipa la taka. Ukivimwaga kwenye sinki kwa maji ya moto vinaganda mbele ndani ya bomba.

Mshumaa mwekundu ndio ulionisumbua. Nta ilitoka, rangi ikabaki. Nilinunua spiriti duka la dawa, nikadonoa kwa pamba nikitoka ukingoni kuelekea katikati, na rangi ikapungua mpaka waridi hafifu. Hapo ndipo ilipoishia. Na tafadhali, mahali palipopakwa spiriti au mafuta ya taa pasirudishiwe pasi, ni kuwasha moto ndani ya nyumba. Mafuta ya taa mimi siyashauri kwenye kapeti hata kidogo, nta yanaiyeyusha kweli lakini harufu yake haihami.

Kwa hiyo kaki na pasi naipa tisa kwa kumi; moja naikata kwa ajili ya rangi. Wale vijana nitawaita tena kwa vumbi, kwa nta hapana. Nawe ukiita wa kwako, muulize ataitoaje hiyo nta. Akitaja maji ya moto na brashi peke yake, mpe soda umshukuru, doa mwachie pasi.

Mishumaa myeupe tu ndiyo inayoingia kwangu sasa, nayo inasimama ndani ya sufuria yenye mchanga. Kitambaa kimerudi mezani. Mama akija Desemba kutoka Mpwapwa atakikuta pale pale alipokiacha.