Nimesajili jina la biashara yangu ya mafuta ya alizeti hapa Dodoma: uzoefu wangu na mfumo wa BRELA

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa na wenzangu pale mashineni Kizota. Kusajili jina BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ni shilingi 20,000. Elfu 15 ni ada ya usajili na elfu 5 ni ada ya utunzaji ya mwaka. Ukisikia mtu anakutajia laki, ujue hiyo inayozidi ni ya mfukoni kwake.

Mimi nakamulisha mafuta ya alizeti. Mbegu nanunua Kongwa na Kondoa, bei ikipanda huku naagiza Singida. Nakamulisha kwenye mashine ya watu, nachuja, nafungasha kwenye chupa za lita moja na madumu ya lita 5 na 20. Kwa muda mrefu niliuza bila jina lolote. Risiti naandika kwa mkono, chini naweka majina yangu mawili, hela inaingia kwenye simu, basi. Na sheria haikuwa na ugomvi na mimi: anayetakiwa kusajili ni yule anayefanya biashara kwa jina lisilo lake. Ukijiuza kwa majina yako halisi bila kuongeza kitu, hulazimiki.

Kilichonisukuma ni mteja mmoja anayepikia wafanyakazi kule Mtumba. Alitaka madumu kila wiki, lakini mhasibu wake hatumi hela kwenye namba ya simu ya mtu. "Mama, mafuta yako hayana neno," akaniambia. "Niletee akaunti yenye jina la biashara nikulipe kama ninavyowalipa wengine." Nikaenda benki kuuliza. Wakanitajia cheti cha usajili wa jina, karatasi ya taarifa za usajili inayoambatana nacho, TIN (namba ya mlipa kodi), leseni, na kitambulisho cha Taifa. Mlolongo wote unaanzia kwenye jina.

Usajili siku hizi unafanyika mtandaoni. Mfumo huo ulianza 2018, na kwa sisi wa bara ndio njia yenyewe (Zanzibar wana wakala wao, sheria zao ni nyingine). Unaingia kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20, halafu mfumo unakuuliza maswali kuhakikisha kwamba ni wewe kweli. Hapo ndipo wengi wanakwama, na si kwa sababu maswali ni magumu. Utaulizwa mambo ya kwenu kabisa, kama jina la mzazi au shule ya msingi uliyosoma. Shida ni kwamba jibu linatakiwa lifanane na ulivyojaza ulipokuwa unajiandikisha. Mama yangu ana jina la Kigogo ambalo kila mtu analiandika kivyake, hata kwenye kadi za michango ya harusi hutalikuta limeandikwa sawa mara mbili. Kilichoniokoa ni nakala ya fomu yangu ya NIDA niliyokuwa nimeihifadhi kwenye bahasha ya vyeti vya watoto. Kama unayo, itafute kabla hujakaa kwenye kompyuta. Kama huna, kaa chini ukumbuke siku ile uliandika nini, siyo jina sahihi ni lipi.

Sasa jina lenyewe. Mfumo una sehemu ya kutafuta majina yaliyokwisha kusajiliwa, na haina malipo. Itumie sana. Mji wetu huu tangu serikali ihamie, kila anayefungua kibanda anataka neno "Makao Makuu" au "Capital" kwenye bango, na wengine wote tunakimbilia jina la Mlimwa, kilima cha hapa mjini. Mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo, nikaona watu wamenitangulia. Kuongeza herufi moja au kugeuza maneno hakusaidii, maana msajili hakatai jina lililofanana herufi kwa herufi peke yake, anakataa hata linaloweza kumchanganya mteja. Nikaacha majina ya milima nikachukua jina la bibi yangu, nikaliunganisha na neno linaloonyesha ninauza nini. Hilo halikuwa na mwenyewe. Ushauri wangu: jina la ukoo, la kijiji kidogo, la mnyama kwa lugha ya nyumbani, vyote hivyo vinapita kirahisi kuliko maneno mazuri ambayo kila mtu anayapenda.

Sehemu iliyonichukua muda ni ya kuchagua shughuli. Hauandiki tu "nauza mafuta". Kuna orodha ndefu ya shughuli zenye namba, ule mpangilio wa kimataifa wa ISIC, na unachagua humo. Kutengeneza mafuta ya mimea ni 1040. Kuuza vyakula kwa jumla ni 4630. Mimi nimeweka zote mbili kwa sababu ninakamulisha na ninauza, na mwenzangu anayechukua mafuta tayari na kuyauza hana haja na hiyo ya kwanza. Usichague vitu usivyofanya eti kwa sababu vinaonekana vikubwa. Taarifa hizo zinatokea kwenye karatasi unayopeleka benki, na afisa wa benki atakuuliza mashine iko wapi.

Anwani ni rahisi kama nyumba yako ilipata kibao wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022. Nilitoka nje na simu, nikapiga picha kibao cha getini, nikanakili jina la barabara na namba ya nyumba. Postikodi ina tarakimu tano, kwa Dodoma zinaanza na 41. Baada ya hapo mfumo unakutengenezea fomu yenye taarifa zako zote, unaichapa, unaisaini, unaiskani na kuirudisha. Hapo nilienda steshenari, kwa ajili ya kuskani tu. Ukapewa namba ya malipo, ukalipa kwa simu ukiwa umekaa palepale. Cheti hakifuatwi ofisini. Kinakuja kwenye akaunti yako kama faili la PDF, unachapa nakala unazotaka.

Nimesema nilienda steshenari kwa ajili ya kuskani tu, na hapa nataka niongee kidogo. Jirani yangu mwenye saluni alimpa kijana mmoja kazi yote. Kijana aliifanya haraka, cheti kikatoka, dada akafurahi, akakiweka kwenye fremu ukutani karibu na kioo. Alipotaka kuhamisha saluni kutoka Area C kwenda Ilazo na kubadilisha anwani kwenye usajili, ndipo ikajulikana kwamba barua pepe iliyotumika ni ya kijana, namba ya simu ni ya kijana, na nywila anaijua kijana. Naye kashaacha kazi pale, yuko Mwanza. Simu anapokea akijisikia. Cheti ni cha dada, lakini mlango wa kuingilia kwenye taarifa zake ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Kumlipa mtu akusaidie kubonyeza si dhambi, hasa kama macho yamechoka au kompyuta huijui. Ila kaa naye bega kwa bega, ijazwe barua pepe yako na namba yako, nywila uiandike wewe. Kama huna barua pepe, afadhali ufunguliwe siku hiyo hiyo kuliko kuazima.

Jambo jingine ambalo watu wanalibeba vibaya ni cheti hiki kinakupa nini. Kwanza hakikufanyi kuwa kampuni. Biashara na wewe ni mtu mmoja: nikikopa kwa jina la biashara na mafuta yasiponunuliwa, anayedaiwa ni mimi na vitu vyangu, siyo lile jina. Pili, jina la biashara siyo alama ya biashara. Ile nembo ya ua la alizeti niliyomlipa kijana anichoree haijalindwa na cheti hiki. Alama ya biashara ina sheria yake, ombi lake na ada zake. Ukishasajili, inadumu miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka 10. Nimekutana na mfanyabiashara wa unga wa lishe pale Majengo anayeapa kwamba hakuna anayeweza kutumia nembo yake kwa sababu "jina nimesajili". Nilijaribu kumweleza. Akaniuliza kama mimi ni wakili.

Na ile elfu 5 ya utunzaji ni ya kila mwaka, watu wengi wanadhani wakishalipa mara moja wamemaliza. Mimi nimeiweka kwenye kalenda ya simu mwezi ule ule wa cheti, pamoja na leseni.

Kwa huduma yenyewe naipa alama nzuri, na ninayemlinganisha naye ni mjomba wangu, aliyesajili gereji yake miaka ya nyuma kwa kupanda basi kwenda Dar es Salaam na kulala kwa ndugu. Mimi sikutoka Ipagala, ukiondoa steshenari. Kazi kubwa iko kichwani: kuchagua jina, kujua unafanya nini hasa, na kukumbuka ulichojaza zamani.

Baada ya cheti, TIN ya TRA, mamlaka ya mapato, haina malipo, na leseni nimeomba halmashauri ya jiji. Akaunti imefunguliwa. Yule mteja wa Mtumba ameshalipa kupitia kwa mhasibu wake, na ameongeza madumu. Lebo mpya nimechapisha chache kwanza kwa sababu sijaamua rangi ya kifuniko. Alama ya biashara nitaiomba nikianza kupeleka mzigo nje ya mkoa. Kwa sasa hela hiyo inaenda kwenye mbegu, maana Kongwa wameanza kuvuna na bei ya gunia bado iko chini.