Pesa mkononi au shule bila karo: ipi hupunguza pengo?

Serikali ya Kenya ikitaka kupunguza pengo kati ya walionacho na wasionacho, impe maskini pesa au imsomeshee mtoto?

Kwa kasi, pesa zinashinda. Mzee wa miaka 70 aliye kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Jioni hiyo hiyo kuna unga, na deni la dukani limepungua. Shule ya msingi bila karo, iliyoanza 2003, huzaa baada ya miaka mingi.

Uhakika? Malipo huchelewa, na mwenye duka hachelewi kudai. Shuleni nako, karo imefutwa lakini sare na chakula cha mchana viko shingoni mwa mzazi. Tena pengo limejificha humo humo: mtoto wa tajiri yuko shule ya kibinafsi, watoto wa maskini wanabanana watatu dawati moja, kisha wote wanaandikishwa mtihani mmoja. Wakubwa serikalini wasio na mtoto kwenye shule hizo za maskini, wana haraka gani ya kununua madawati?

Kwa kudumu, shule inaongoza, ingawa cheti bila kazi hakijazi sufuria.

Bibi anayelea wajukuu yatima, mimi ningempa pesa kwanza. Nyumba inayokula mara mbili kwa siku, ningewaongezea watoto wake walimu shuleni.