Hayasinti za kuotesha kwenye maji: eti "vimeshapozwa"

Nilinunua boksi la vitunguu vya maua ya hayasinti (si vya kula) pamoja na glasi za kuviotesha. Glasi zenyewe sina neno nazo. Ile shingo nyembamba inashika kitunguu vizuri hakizami, unaacha maji chini kidogo ya kitako yasikiguse maana yakigusa kinaoza, mizizi inayafuata yenyewe. Kinachonichoma ni neno moja pale kwenye boksi, limeandikwa herufi kubwa kabisa: VIMESHAPOZWA.

Hilo neno ndo nililolilipia mimi. Hayasinti isipokaa kwenye baridi, nyuzi kama 4 hadi 9 hivi, gizani, wiki 12 au zaidi, haipandishi bua, ndo ilivyo. Sasa mtu unanunua vilivyokwishapozwa ili usihangaike kulinda friji miezi yote hiyo watu wasikuwekee matunda karibu (tofaa likiiva linatoa gesi, ua linafia humohumo ndani ya kitunguu).

Basi mizizi ikashuka mieupe mizuri, majani yakaja, nimefurahi kweli, halafu ua likafunguka hukohuko chini, limebanwa katikati ya majani, bua hakuna! Ukitaka kuliona unainama unachungulia kama umedondosha ndoo kisimani. Vimepozwa wapi hivi, kivulini?

Nikawatumia picha huduma kwa wateja. Jibu: "Pole dadangu, hapo umezidisha kumwagilia." KUMWAGILIA. Kitunguu kimekaa juu ya glasi ya maji, udongo hakuna hata punje, na bidhaa ni yenu nyie wenyewe, namwagilia nini sasa? Nikamweleza taratibu kabisa, akasema basi nivumilie, mwakani kitachanua vizuri. Mwakani ipi? Kitunguu kilichochanulia maji matupu kimeshatumia akiba yake yote, wengi huwa wanakitupa tu. Nikauliza swali moja, vilikaa kwenye baridi wiki ngapi? Akanirushia emoji ya ua akafunga chati. Ua lenye bua refu, jamani!!

Na ujue hapo nilishajikuna mikono jioni nzima, yale maganda makavu yanawasha balaa na hakuna popote walipoandika uvae glavu.

Halafu sasa, kimoja kati ya hivyo kikapanda. Juzijuzi tu, bua limenyooka, ua limejaa, na ile harufu nyumba nzima, ukitoka chumba kimoja inakufuata kingine, nimekaa nacho mezani hasira zinaisha huku sitaki ziishe. Maana kama hiki kimeweza basi vingine wamevichanganya tu, vya baridi na visivyo na baridi boksi moja.

Kwa hiyo glasi nunueni, mie nitazitumia tena. Ila vitunguu vyao sitaki, nitaweka zile narisi nyeupe, nazo ni maua ya kitunguu, kwenye bakuli la kokoto, hazihitaji kupozwa, hapo hakuna wa kunidanganya. Nyota tatu. Hapana, mbili, ya glasi na ya ile harufu. Yule wa kumwagilia akinijibu wiki ngapi nitakuja kurekebisha.