Vyakula vya Kiasia vya pakiti: nilivyovionja nikiwa Mtwara

Kwa anayetaka jibu la haraka: dali (rojo la jamii ya kunde) na rajma (maharage mekundu) za Kihindi za mfuko zinalipa, Indomie zisizo na supu zinalipa kwa bei yake, na kari ya nazi ya Kitai iliyopikwa tayari, kwa mtu anayeishi kusini hii, ni kutupa hela.

Nafanya kazi ya zamu. Nikitoka usiku, mama ntilie wa jirani ameshaosha masufuria na kwenda zake, na kilichobaki barabarani ni chipsi mayai. Kuinjika maharage saa hizo ni kuitafuta asubuhi. Ndipo nikaanza kuviangalia hivi vipakiti kwa jicho jingine. Supamaketi za Mtwara ni ndogo, na rafu ya vyakula vya Asia mara nyingi ni kipande tu kati ya maziwa ya unga na sabuni. Indomie utaipata hata duka la mangi. Za Kihindi ni za kubahatisha, leo zipo, mwezi ujao hazipo. Za Kikorea na za Kitai nimezipata zaidi kwa kuagiza Dar, mzigo ukapandishwa basi nikaupokea stendi.

Dali kwanza, maana hapo ndipo nilipokaa sana. Boksi la gramu 300 nililipa shilingi 7,500. Ndani kuna mfuko mzito wa rangi ya fedha, na nyuma ya boksi viungo vimeandikwa kwa herufi za mchwa: maji, mbaazi, kitunguu, nyanya, samli, kitunguu saumu, bizari nyembamba. Mbaazi! Mtu wa Mtwara nimelipia mbaazi zilizopanda meli. Labda hizi zilitoka shamba la huko huko India, ila India ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, na mwaka 2017 ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei huku iliporomoka vibaya. Wakulima wa Lindi na Mtwara hawajasahau. Kwa 7,500 sokoni ningerudi na mbaazi za kulisha nyumba nzima, hilo najua.

Sasa utamu. Unachemsha maji, unatumbukiza mfuko kama ulivyo, baada ya dakika tano unaukata kwa mkasi. Kinachotangulia puani ni bizari na kitunguu saumu kilichobabuka kidogo pembeni, ile samli iliyokaangwa na viungo ambayo Wahindi humwagia juu mwishoni. Mbaazi zimekobolewa, kwa hiyo hakuna ganda la kutafuna. Zimevurugika zikawa rojo linaloshika kijiko. Chumvi imezidi kidogo. Nilimpelekea mama mwenye nyumba kibakuli na chapati. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Mwanangu, nazi wameweka wapi?"

"Hizi hawatii nazi, mama. Wanatia samli."

"Basi hawa wanapika mbaazi za mgonjwa."

Kibakuli kilirudi kimefutwa na chapati hadi kinang'aa, kwa hiyo hukumu yake mwenyewe aipime.

Rajma ni maharage mekundu kwenye mchuzi wa nyanya na tangawizi, na kwa wali ndiyo inayoshiba kuliko zote. Ile ya jibini ya paneer kwenye mchuzi wa korosho ilinigharimu 9,000, na jibini yenyewe ilikuwa vipande vinne vya ukubwa wa kete za bao. Mchuzi ni mtamu kweli, ila siri yake ni korosho zilizosagwa, na mimi niko mkoa ambao korosho ghafi zake zinapakiwa melini kila msimu kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Chukua korosho za vipande, zile zilizovunjika zinazouzwa rahisi, loweka, saga pamoja na nyanya iliyokaangwa, tia masala. Utafika karibu sana, na hela ya jibini umeokoa.

Watu huniuliza wametia dawa gani hata chakula kikae kabatini mwaka mzima bila friji. Nyingi ya hizi za mfuko hazina dawa yoyote. Chakula kinafungwa kwanza, kisha mfuko mzima unapikwa tena kwenye mtambo wa mvuke wenye mgandamizo, kwa joto la nyuzi kama 121, hadi vijidudu na mbegu zao vife. Kazi ya kopo, ila kwa mfuko. Kwa hiyo kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni mfuko wenyewe: ukiuona umevimba au unavuja pembeni, uache, hata wakikupunguzia bei. Na tarehe isome. Duka moja hapa mjini niliona stika ya bei imekaa mahali pa ajabu, nikaibandua kwa ukucha, chini yake tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imeshapita. Nilirudisha boksi rafuni, nikamwonyesha kijana wa kaunta, akacheka tu.

Jambo jingine la kuangalia ni alama. Pakiti nyingi za Kihindi huwa na kimraba chenye nukta ya kijani ndani yake, maana yake hamna nyama wala samaki. Indomie ina alama ya halali. Za Kikorea na za Kijapani usinunue kwa macho tu, baadhi ya supu zake zina nguruwe, na pakiti nyingine zimejaa maandishi ya kwao mtupu.

Tambi hizi za haraka alizianzisha Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958. Zinaiva kwa dakika tatu kwa sababu zimeshapikwa na kukaangwa kwenye mafuta kiwandani ili zikauke, hivyo ukizila ujue unakula na mafuta. Indomie isiyo na supu unaichemsha, unamwaga maji yote, ndipo unachanganya vile vipakiti vidogo: mafuta, sosi nyeusi yenye utamu wa sukari, pilipili, vitunguu vya kukaanga. Mimi natupia na pweza aliyebaki mchana, nimemkata vipande vidogo. Hapo sina la kulalamika.

Za supu naogopa chumvi yake. Pakiti moja huweza kubeba gramu 4 na zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5 kwa siku. Mwenye presha ya kupanda atie nusu ya ungaunga au aachane nazo. Zile za Kikorea za pilipili kali nililipa 6,000, nikatokwa na jasho na machozi, na mimi pilipili mbuzi nakula bila kupepesa. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula ya Denmark iliamuru aina tatu za tambi kama hizo ziondolewe madukani kwa ukali wake, kwa hiyo si mimi tu. Kilichonichosha hata hivyo ni sukari iliyojificha nyuma ya pilipili.

Kari ya kijani ya Kitai, iliyopikwa tayari kwenye mfuko, ndiyo iliyoniudhi. Nazi yake imepoa, ina harufu ya bati, na kuku wamekuwa nyuzi. Ukishazoea tui la nazi iliyokunwa saa hiyo hiyo, humalizi sahani. Lakini jaribu pesti yake, yaani viungo vilivyosagwa pamoja, inayouzwa chupani bila nazi: mchaichai, pilipili mbichi, kitunguu saumu, na galangali, mzizi wa ukoo wa tangawizi. Nilinunua kwa 12,000. Kijiko kimoja kikikaangwa kwenye tui zito hadi mafuta yajitenge, halafu tui jepesi, halafu vipande vya changu wa soko la samaki la Feri na ndimu mwishoni, ni mboga ya kumwita mgeni. Chupa bado ipo kwenye friji. Tahadhari moja kwa wanaodhurika na kamba: pesti nyingi za Kitai zina kamba waliosagwa, na huenda wakaandikwa mwishoni mwa orodha.