Miaka mitatu nachangia, hakuna aliyeniambia kazini kwangu wanadabo

Naandika hii nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Kuna shirika moja hapa Texas linajenga mabweni ya wasichana wa sekondari huko nyumbani, mkoa wa Singida. Mimi nawachangia dola 60 kila mwezi, inakatwa yenyewe kwenye kadi, na kwa kazi ya ujenzi sina neno nao, bweni lipo, nililiona kwa macho yangu nilipoenda likizo, na walimu wa pale wanawasifia. Ninachokuja kulalamikia hapa ni namna wanavyotuhudumia sisi tunaotoa hela, na hasa simu moja niliyowapigia ambayo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa naendesha gari mikono inakaza usukani.

Kwa wasiojua, makampuni mengi makubwa ya hapa Marekani yana utaratibu kwamba mfanyakazi akichangia shirika lisilo la faida, kampuni nayo inatoa kiasi kilekile kwa shirika hilohilo. Unatoa 60, wanaongeza 60, mfukoni kwako haitoki hata senti zaidi. Kwenye grupu letu tunaita kudabo. Na siyo kitu cha jana, kampuni ya General Electric walianza mwaka 1954, kabla mama yangu hajazaliwa. Shemeji yangu yuko Microsoft, wale wanamuongezea mfanyakazi hadi dola 15,000 kwa mwaka, na hata akienda kujitolea kwa mikono yake kampuni inalipa shirika dola 25 kwa kila saa aliyofanya. Jamani, kila saa! Sasa wewe ni shirika unalia hela kila Desemba, unatuma mabarua yenye picha za watoto wamelala chini, halafu jambo kama hili hulitaji hata mara moja?

Maana hawakulitaja. Nimerudi nyuma nikasoma imeili zao zote za miaka mitatu, nilikaa Jumamosi nzima. Shukrani zipo, risiti zipo, "tafadhali ongeza mchango wako" ipo karibu kila mwezi. Neno moja tu la kuniuliza unafanya kazi wapi, hakuna.

Aliyenifumbua macho ni kaka mmoja Mkongo wa Lubumbashi, dawati lake linapakana na langu (niko kampuni ya bima). Aliona risiti yao kwenye skrini yangu akaniuliza, "Dada, unatoaka kila mwezi, na kampuni iko inajua?" Nikamwambia kampuni inahusikaje na hela yangu. Akavuta kiti, akanionyesha kwenye mfumo wetu wa kazini, palepale tunapoombea likizo, chini kidogo tu, kuna sehemu ya michango. Miaka yote napita juu yake. Unaandika jina la shirika na namba yao ya kodi, ile yenye tarakimu 9, unapandisha risiti, umemaliza. Kima cha chini kwetu ni dola 25, na shirika lazima liwe limesajiliwa hapa na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, kama la hisani, kwa hiyo ile hela unayomtumia mwalimu mkuu kwa simu moja kwa moja haihesabiki. Sadaka ya kanisani au msikitini kwenye kampuni yetu nayo haimo, na kampuni nyingi ziko hivyo. Mengine yote ni rahisi, dakika ishirini nilikuwa nimeshajaza.

Nikafurahi, nisiseme uongo, nilifurahi sana. Halafu nikasoma masharti. Kampuni inapokea maombi ya mwaka huohuo tu, wanakusubiri hadi mwisho wa Januari inayofuata basi, ikipita imepita. Maana yake miaka yangu miwili ya mwanzo imekufa. Dola 60 mara miezi 24 ni dola 1,440. Na hawa hawa kwenye barua yao walituambia dabodeka moja na magodoro yake mawili inawagharimu dola 120 mpaka inafika shuleni. Piga hesabu mwenyewe. Dabodeka 12. Wasichana 24 ambao wangelala kitandani, na hela yao ilikuwepo, imetengwa, inamsubiri mtu mmoja tu anifungulie mdomo aseme "muulize mwajiri wako".

Sikulala usiku ule.

Ila hata hapo bado sikuwa na hasira nao, nilijilaumu na nikaona labda na wao hawajui. Nikatulia nikasubiri ombi langu la mwaka wa tatu lipite. Wiki ya kwanza mfumo unasema linasubiri shirika lithibitishe. Wiki ya tatu, linasubiri shirika lithibitishe. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, bado ni hilohilo. Kinachotakiwa ni mtu wa shirika aingie kwenye akaunti yao abonyeze kwamba ndiyo, hela ya huyu tulipokea. Nikawaandikia imeili mbili, kimya. Januari ikawa inakwenda ukingoni na mimi sijui kama ombi lisilothibitishwa nalo linaweza kufa kama yale mengine, ndo nikachukua simu.

Nilikuwa kwenye gari, muda wa lanchi, chakula changu hata sijakifungua. Akapokea dada mmoja wa kitengo cha wachangiaji. Nikajieleza vizuri, kwa adabu, nikampa jina, nikamwambia kuna hela dola 720 zinawasubiri nyinyi mbonyeze kitufe. Akaniambia akaunti hiyo alikuwa anaishika mfanyakazi aliyeacha kazi na neno la siri aliondoka nalo. Ameondoka na neno la siri tangu lini? "Muda kidogo." Nikamuuliza kwa hiyo wachangiaji wengine walioomba waongezewe nao wamekwama? Akasema hajui.

Nikauliza swali langu lingine, lile lililokuwa linanichoma, kwa nini hamjawahi kutuambia jambo hili lipo. Akasema hilo ni jukumu la mchangiaji kuulizia kazini kwake, wao hawawezi kujua kila mtu anafanya kazi wapi. Nikamwambia sawa, hamuwezi kujua, si muulize? Fomu yenu inauliza mpaka tarehe ya kuzaliwa, mnashindwa kuongeza mstari mmoja? Akasema hawapendi kuwasumbua wafadhili kwa maswali mengi. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesoma hali ya hewa, kwamba kusema ukweli wachangiaji wao wengi wa Kiafrika hawafanyi kazi kwenye makampuni ya aina hiyo.

Sikupata la kusema. Mimi mtu wa maneno, waliopo kwenye grupu wananijua, nilinyamaza hadi akauliza kama bado nipo kwenye laini.

Hivi wewe umejuaje tunafanya kazi wapi wakati umesema hamuulizi? Umetuona wapi? Kwenye grupu letu la Dallas kuna wahasibu, kuna watu wa kompyuta, kuna mama wa benki, kuna wauguzi wengi tu na ni fahari yetu, kuna wanaopakia mizigo ghalani usiku. Baada ya simu ile niliandika kwenye grupu, jamani kila mtu kesho akaulize HR, ofisi ya wafanyakazi ya kazini kwake, na majibu yalivyokuja nikazidi kuumia. Mdogo wangu ni muuguzi, alikuwa na uhakika hospitali yao haina kitu kama hicho, kumbe inacho na nusu ya wauguzi wa wodi yake hawajui. Kaka wa ghalani kwao hakuna. Mwalimu, hakuna. Mama wa benki alikuwa anajua siku zote na anadabo michango ya chuo alichosoma kila mwaka, ila shirika hili hajawahi kuliingiza maana alidhani likishakuwa la Singida haliwezi kuhesabiwa, na hakuna aliyemwambia kwamba limesajiliwa hapahapa Texas. Anawachangia toka walipoanza. Hebu fikiria miaka yake ni mingapi.

Wanaofuatilia mambo haya wanakadiria kwamba kila mwaka hapa Marekani dola bilioni 4 hadi 7 za namna hii zinabaki kwa waajiri kwa sababu tu hakuna aliyeziomba. Zamani ningesoma namba kama hiyo nikaipita. Sasa hivi mimi nazijua 1,440 zake kwa sura.

Na msiniambie ni shirika dogo hawana watu. Sisi tumelelewa kwenye kamati za harusi. Mweka hazina wa kamati ya Kibongo, bila ofisi, bila mshahara, ana daftari na simu yenye kioo kimepasuka, akisikia una mjomba mwenye nacho anachukua namba yake palepale, na ahadi yako asipoipata atakufuata mpaka mlangoni mwa ukumbi. Binamu yangu yuko Leicester, kule Uingereza kila fomu ya mchango ina kisanduku cha kuweka alama, ukishakiweka basi kwa kila pauni 1 uliyotoa serikali inaongeza peni 25 kutoka kwenye kodi uliyolipa. Kisanduku kimoja! Hakuna mfadhili aliyewahi kulia kwamba kile kisanduku kimemsumbua.

Basi hapo nilikuwa nawaandikia maoni ya nyota moja, na ingekuwepo ya chini ningeweka hiyo, na nilikuwa nimeshaamua nikate mchango wangu nihamie kwingine.

Siku kama mbili baadaye nikapigiwa. Mama mmoja mtu mzima, Mmarekani, anajitolea pale ofisini siku mbili kwa wiki, amesoma imeili zangu. Hakujitetea hata kidogo. Alisema "nimeona tulichokukosea" halafu akaniomba nibaki kwenye simu, akawa anahangaika na akaunti ile, akaomba neno la siri jipya, namba ya kuthibitisha ikatumwa kwenye simu ya mkurugenzi, akamfuata mkurugenzi kwenye kikao akamtoa, namsikia kabisa anamwambia hii haiwezi kusubiri. Akabonyeza. Akaniambia na wewe angalia. Nikaangalia, limethibitishwa. Chini ya nusu saa, jambo lililokaa wiki nane. Akakuta kuna maombi ya wachangiaji wengine yamejipanga humo yanasubiri, akanyamaza kidogo, nikasikia anahema, akasema ngoja nikaendelee nayo. Yule mama mimi nampa nyota kumi.

Hela ilikuja mwishoni mwa robo mwaka kwa sababu kampuni yetu inalipa kwa mkupuo, 720 kamili. Na hapa niwaambie kitu, wakati wa kodi ile 720 ya kampuni usiiandike kwako, unaandika uliyotoa wewe tu, na mchango wa mara moja ukifika dola 250 hakikisha una barua ya shirika. Nimeshaulizwa mara nyingi kwenye grupu.

Kwa hiyo nikabadilisha nikasema nyota tatu. Nikamwandikia mkurugenzi mwenyewe barua ndefu ya heshima, nikamwambia weka swali la mwajiri kwenye fomu, weka mstari mmoja kwenye risiti, weka namba yenu ya kodi mahali mtu anaiona, maana mimi niliitafuta nikaikuta kwenye ripoti ya mwaka ukurasa wa mwisho. Nikajitolea kuwaandikia maelezo kwa Kiswahili bure. Akanijibu kwa upole kwamba wazo ni zuri na litafikishwa kwenye kamati. Desemba ikafika na barua yao ya mwaka, kurasa nne za rangi. Nikaisoma mpaka sahihi, mpaka maandishi madogo ya chini. Hakuna! Mstari hakuna, swali hakuna. Kamati gani hiyo inakaa miezi yote kujadili mstari mmoja?

Sasa mnaniuliza muwachangie au msiwachangie. Nyota naona mbili. Wachangieni, kwa kweli wachangieni, ila mwajiri wako kamuulize mwenyewe kabla hata hujatoa dola ya kwanza, na ukikwama mtafute yule mama siku anazokuja, usikubali wakuunganishe na yule mwingine. Mimi nimeendelea na 60 yangu na za mwaka huu zote nimeshazijazia, siwaachii.

Juzi wamenitumia picha. Ile 720 ya kampuni imenunua dabodeka 6, zimepakwa rangi ya bluu, wasichana 12 wamekaa juu wanacheka, mmoja amekumbatia godoro lake kwenye nailoni bado. Nililia, nikamtumia mama yangu, akanipigia tukalia wote. Halafu usiku nikaifungua tena nikaikuza, na nyuma yao, upande ule wa dirisha, mikeka bado iko sakafuni, imekunjwa vizuri, na nikajikuta naihesabu.