Tathmini ya BRouter: kupanga njia tulivu za baiskeli kwenye vilima vya mashambani

Kwa anayetaka kunyonga baiskeli ya barabara siku nzima vilimani bila kusukumwa ukingoni na malori, BRouter ndiyo programu ya kupangia njia ninayoiweka mbele ya nyingine zote. Ni programu huria na ya bure. Inafanya kazi kwenye kivinjari bila kujisajili, au ndani ya simu ya Android bila intaneti, ikishirikiana na programu za ramani za OsmAnd au Locus Map. Sura yake haivutii, na siku ya kwanza utatafuta vitufe. Vumilia, kwa sababu ina sifa adimu: inakuonyesha kwa nini imechagua barabara hii na kuiacha ile, halafu inakuachia nafasi ya kuibadilisha sababu yenyewe.

Kila aina ya barabara imewekewa kizidishi. Kikiwa 1, kilomita ni kilomita. Kikiwa 3, kilomita moja ya barabara kuu inahesabiwa kama tatu, kwa hiyo programu iko radhi kuzunguka vijijini karibu kilomita tatu ili kuikwepa. Vizidishi hivi vimeandikwa kwenye faili ya maandishi inayoitwa profaili, na ukifungua profaili kwenye kivinjari unaweza kuisoma, kuihariri na kujaribu matokeo papo hapo. Mwenye baiskeli ya barabara aanze na profaili ya fastbike-lowtraffic. Ikiwa bado inakupitisha kwenye barabara yenye magari, hamia fastbike-verylowtraffic, ukijua kwamba utalipa kwa kona nyingi na njia panda nyingi. Profaili ya trekking ni nzuri, ila inapenda sana njia zenye vibao vya baiskeli, na nyingi kati ya hizo zina vipande vya changarawe. Kwa tairi za milimita 25 hilo ni tatizo la kweli. Ukiitumia, weka alama kwenye ignore_cycleroutes, ili ipuuze vibao hivyo.

Kwenye nchi ya vilima, mpangilio wenye uzito kuliko yote ni ule wa mwinuko. Barabara kuu hufuata mto. Ilijengwa bondeni kwa sababu ni rahisi kupitisha magari huko, na magari yote yako huko. Barabara inayopanda kigongo na kuteremkia bonde la pili haina faida kwa dereva mwenye haraka, ndiyo maana iko kimya. Sasa, profaili ya trekking inatoza faini ya mteremko: downhillcost ni 60 na downhillcutoff ni 1.5, maana yake kila mita moja unayoshuka zaidi ya mteremko wa asilimia 1.5 inahesabiwa kama mita 60 za ziada za safari. Watengenezaji wake wanatoza kushuka badala ya kupanda kwa sababu ukianzia na kumalizia mahali pamoja, ulichopanda lazima ukishuke, kwa hiyo kutoza upande mmoja kunatosha. Matokeo ya faini hiyo ni kwamba programu inakurudisha bondeni, kwenye magari. Ukiwa umefuata vilima na utulivu, ondoa alama kwenye consider_elevation (yaani isizingatie mwinuko), uone njia inavyohama kutoka mtoni na kukimbilia vigongoni. Ni badiliko la mbofyo mmoja, na hakuna jingine linalofaa kama hili.

Kisha fungua jedwali la data chini ya ramani, ambako kila kipande cha njia kina mstari wake. Angalia safu mbili: CostPerKm, yaani gharama ya kila kilomita (1000 ni sawa na kizidishi 1), na WayTags, yaani sifa za barabara kama zilivyoandikwa kwenye ramani. Mstari wenye highway=unclassified (barabara ndogo ya kawaida) na surface=asphalt (uso wa lami), gharama ikiwa juu kidogo tu ya 1000, ndio unaoutafuta. Usikimbie neno track (njia ya shambani au msituni) moja kwa moja. Likiambatana na tracktype=grade1 (daraja la uso mgumu kuliko yote) na lami, mara nyingi hiyo ni barabara ya wakulima isiyo na gari hata moja, lami safi ya upana wa trekta. Kuanzia grade2 ni kokoto, na hapo heri uwe na tairi za milimita 32 au zaidi.

Udhaifu wake mkubwa unatokana na ramani. BRouter inasoma OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na OpenStreetMap inajua daraja la barabara, haihesabu magari yanayopita. Barabara ndogo inayounganisha miji miwili kwa mkato itaonekana tulivu, kumbe saa moja asubuhi imejaa watu wanaowahi kazini. Ishara yake ni kwamba imenyooka, inakwenda sambamba na barabara kuu, na inaungana nayo ncha zote mbili. Ukiiona hivyo, ipite Jumapili au iache kabisa. Machimbo ya mawe nayo yanahitaji jicho, kwani barabara moja tulivu inaweza kubeba malori ya kokoto siku za kazi. Chora eneo la marufuku kuzunguka machimbo, na njia itapangwa upya papo hapo.

Jambo la pili ni uso wa barabara. Barabara nyingi za vijijini hazijaandikiwa surface yoyote, na kichupo cha uchambuzi kitakuonyesha ni kilomita ngapi hazijulikani. Zikizidi mbili au tatu, badili mandhari iwe picha ya satelaiti, uzifuate kwa macho. Lami huonekana kijivu sawasawa, yenye kingo zilizokatika vizuri. Changarawe ni nyeupe zaidi, ina mistari miwili ya magurudumu na mara nyingi ukanda wa majani katikati.

Kuhusu mwinuko wenyewe, usiamini kila namba. Sehemu kubwa ya takwimu zake inatokana na SRTM, upimaji wa rada uliofanywa kutoka chombo cha angani Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Nukta za vipimo hivyo ziko mita 90 au 30 hivi kutoka moja hadi nyingine. Kipande cha mita 60 chenye mwinuko wa asilimia 20 kinapanda mita 12. Kikichanganywa na tambarare ya jirani hadi mita 150, grafu itakionyesha kama asilimia 8. Kinyume chake, barabara iliyochimbwa kwenye ubavu wa mlima mkali hupewa nundu zisizokuwepo. Tena jumla ya kupanda huchujwa: mwinuko usiofika mita 10 hauhesabiwi. Kwenye mawimbi ya vilima vidogo 30 vya mita 8 kila kimoja, miguu itapanda mita 240 ambazo skrini haikuzitaja.

Kwa hiyo panga gia kwa tahadhari. Meno 34 mbele na 34 nyuma, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ni karibu kilomita 7.5 kwa saa. Kwenye asilimia 10, mtu na baiskeli wakiwa na kilo 80 kwa pamoja, hiyo inadai kama wati 170. Ukiwa na 36 mbele na 28 nyuma kwa mzunguko uleule, unadaiwa zaidi ya 220. Njia ikiwa na vipande vingi vya namna hiyo, badili kaseti (seti ya gia za nyuma) kabla ya kubadili njia.

Kosa la kawaida wakati wa kuchora ni kuweka nukta kando ya barabara badala ya juu yake. Nukta ikiangukia kijia cha kuingia shambani, njia huenda mita 200, hugeuka na kurudi ilikotoka. Kwenye ramani iliyovutwa mbali huoni kitu. Sogeza karibu kwenye kila nukta kabla ya kupakua.

Pakua GPX, yaani faili ya njia inayosomwa na vifaa vya GPS. Profaili isipowekewa aina ya maelekezo kwenye turnInstructionMode, faili itakuwa mstari mtupu, na kifaa cha kwenye usukani kitakuonyesha mstari huo bila kukuambia ugeuke wapi. Zima pia upangaji upya wa njia kwenye kifaa, la sivyo ukipitiliza kona moja kinaweza kukurudisha kwenye barabara kuu uliyotumia jioni nzima kuikwepa.

Kwenye simu, data hupakuliwa kwa miraba ya nyuzi 5 kwa 5, kila mmoja faili moja ya rd5. Safari yako ikivuka mpaka wa miraba, unahitaji yote miwili. Ukikosa mmoja, njia haitapangwa, na huko bondeni kusiko na mtandao hutaweza kuupakua.