Kampuni ya kupuliza dawa isiyojua kugeuza jani

Nilisubiri hasira zipoe ndiyo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Ua wangu wa hibiskasi, ule wa upande wa barabara huku Tegeta, uliingiliwa na nzi weupe mvua za vuli zilipokata. Anayewajua anawajua: ukigusa tawi wanaruka kama unga uliopulizwa, halafu wanarudi palepale. Majani yananata, sisimizi wanapanda kufuata ule utamu, na juu yake yanaota masizi meusi mpaka wapita njia wananiuliza kama tulichoma takataka.

Nikaita kampuni ya kupuliza dawa, jina nawasitiri. Simu walipokea kwa adabu sana. Mpaka hapo ningewapa nyota nne.

Fundi akaja saa saba mchana, jua la utosi, upepo wa bahari unavuma. Bomba mgongoni, glovu hana, barakoa hana, na dawa imo kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Namuuliza ni dawa gani, ananijibu, "Ya wadudu." Akapita ananyunyizia juu juu ya ua, nyingine ikaenda na upepo kwenye nguo za jirani, akasema kamaliza.

"Kaka, mbona hujageuza hata jani moja? Hawa wanakaa chini ya jani."

Wala hakuinua macho kwenye simu yake. "Mama, kwani wewe ndiyo bwana shamba? Kazi tuachie wataalamu."

Mtaalamu! Nikachuma jani mbele yake nikaligeuza. Nta nyeupe imetanda, mayai yamepangwa kwa mizunguko, na watoto wao wamejibandika wananyonya, hata tone halijawafikia. Eti, "Hao watakufa wenyewe." Akataka hela yake.

Kufa walikufa kweli, ila ni buibui na wale vijidudu wa mgongo wa duara wenye madoadoa, wanaokula hao hao nzi weupe. Kilichofuata mnakijua: wenyewe wakarudi wengi kuliko mwanzo, maana wa kuwala hayupo tena.

Niseme na haki. Nilipolalamika walimtuma kijana mwingine, bure. Alifika asubuhi mapema, akanisalimia shikamoo, akaomba mpira wa maji. Akapiga maji kwa nguvu kuanzia chini kwenda juu, akakata matawi yaliyozidiwa na kuyafunga kwenye mfuko, ndipo akapuliza maji ya sabuni yenye mafuta ya mwarobaini, jani kwa jani, upande wa chini. Akaniambia nirudie kila baada ya siku chache, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni, lazima uwasubiri waanguliwe. Sasa masizi yanabanduka na machipukizi yanatoka safi. Kijana yule nyota tano, na Mungu ambariki.

Kwa hiyo kampuni nyota tatu? Nilishaandika tatu, nikakumbuka nilivyodai hela ya ile siku ya kwanza, dada wa ofisini akanijibu, "Huduma si ulipewa?" Huduma gani, ya kunifulia nguo za jirani kwa sumu?

Moja. Haya, mbili, kwa heshima ya kijana. Hapana, moja. Mkiwaita, mtajeni yeye, na akija yule wa chupa msimfungulie geti.